Naomba ushauri: elektroniki ya molekuli au grafini?

Wakuu, habari zenu. Nimemaliza uzamili wa fizikia na natafuta mada ya uzamivu. Nimebaki na njia mbili.

Ya kwanza ni elektroniki ya molekuli, yaani kutumia molekuli kama vipuri vya saketi. Wazo la wanasayansi Aviram na Ratner la mwaka 1974, kwamba molekuli moja inaweza kupitisha umeme upande mmoja kama dayodi, bado linaninyima usingizi. Shida ni vipimo. Molekuli ikishikwa kati ya ncha mbili za dhahabu, mkondo hubadilika kila unapounda kiungo upya, kwa sababu atomi za dhahabu hazijipangi vilevile. Unarudia maelfu ya mara ndipo upate thamani ya kueleweka. Na bidhaa sokoni? Mimi sizioni.

Ya pili ni grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomi moja) na nyenzo nyembamba za jamii yake. Ajira viwandani naziona, ila tangu grafini ilipotengwa maabara mwaka 2004 watu wamejazana huko (nami foleni sizipendi).

Msimamizi mtarajiwa ananivutia kwenye molekuli. Mliopita huko, ujuzi wa kupima mikondo midogo sana unauzika nje ya chuo? Na mtu anaweza kuhamia nyenzo za nano kama grafini baada ya uzamivu bila kuanza upya?