Damu nyekundu chooni: bawasiri au mpasuko?

Swali: Wakuu, bawasiri (mishipa ya damu iliyovimba njia ya haja kubwa) na mpasuko wa njia hiyo unavitofautishaje? Damu ni nyekundu, inabaki kwenye tishu.

Jibu 1: Mkuu, angalia maumivu. Mpasuko unakata kama wembe choo kinapopita, kisha unawaka hata saa kadhaa, kwa sababu msuli wa kubana umekaza na damu haifiki vizuri kwenye kidonda. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Inatoa damu, au kinyama kinatokeza. Ya nje damu ikiganda ndani yake, uvimbe unauma ghafla.

Jibu 2: Naongezea. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10–15, mara 2 au 3 kwa siku. Chumvi si lazima. Kula nyuzinyuzi gramu 25–30 kwa siku (maharage, mchicha, dona), ila ongeza polepole na maji, la sivyo tumbo litajaa gesi. Simu iache nje ya choo, usikae humo muda mrefu. Mpasuko usiopona wiki 6–8 unahitaji dawa ya kulegeza msuli.

Jibu 3: Watu hukimbilia kusema bawasiri kwa kila kitu! Uvimbe wenye homa au usaha huenda ni jipu: hospitali leo leo. Choo cheusi kama lami, uzito kupungua, au mpangilio wa choo kubadilika: kapimwe, acha mitishamba ya kupaka.