Dungusi lisilo na miiba, lenye manundu: ni maradhi au ndiyo sura yake?

Muulizaji, Malindi
Assalaam alaikum. Nina dungusi nililonunua katika kitalu cha miche na kulipanda kwenye jungu la saruji barazani. Shina lake ni la kijani kibichi na limesimama wima, lakini halina mbavu wala miiba, bali limejaa manundu laini yasiyofuata mpangilio wowote, mengine yamebenuka mithili ya pua ya mtu. Jirani anasisitiza kwamba limeugua na kwamba nilitupe kabla halijaambukiza mengine. Isitoshe, tangu masika halijarefuka hata kwa upana wa vidole viwili, ilhali mpungate ulioko uani umechipua kila upande. Je, nilikate?

Mpenda mimea, Shela
Wa alaikum salaam. Usilitupe, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, hilo ni Lophocereus schottii la umbo la monstrosus, ambalo wauza miche huliita Totem Pole, na asili yake ni Baja California nchini Mexico. Dungusi la kawaida la aina hiyo lina mbavu zilizonyooka, na miiba yake hutoka katika vifundo vilivyojipanga kwa safu juu ya mbavu hizo. Katika umbo hili ncha ya ukuaji imepoteza utaratibu huo, kwa hiyo mbavu zimevunjika zikawa manundu, na vifundo vingi havitoi mwiba kabisa. Ukilitazama kwa karibu huenda ukaona hapa na pale kijiti kifupi cha mwiba kilichosalia. Hakuna kimelea chochote hapo, basi haliwezi kuambukiza. Kulilinganisha na mpungate ni kulionea: hili hukua polepole mno, ingawa likiwa ardhini kwa miaka mingi hupita mita 3.

Fundi bustani, Malindi
Ningeongeza tahadhari moja. Jamaa za mnyaa nazo huuzwa kwa jina la dungusi, kwa hiyo likwaruze kidogo sana upande wa nyuma. Likitoa utomvu mweupe kama maziwa, si dungusi, na utomvu huo usiuguse wala usikaribie macho. Kinachoua madungusi huku kwetu ni maji ya masika yanayotuama junguni, wala si jua. Changanya udongo na kokoto ndogo na mchanga mkavu, lakini usichote mchanga wa ufukweni, kwa sababu una chumvi. Hakikisha jungu limetobolewa chini, kisha mwagilia pale tu udongo unapokauka hadi ndani.

Muulizaji, Malindi
Ahsanteni. Halikutoa maziwa, limetoa majimaji tu. Nikitaka la pili, nipande mbegu?

Mpenda mimea, Shela
Mbegu hutazipata, kwani umbo hili ni nadra kuchanua; huzalishwa kwa vipande vya shina. Subiri kaskazi, hewa ikiwa kavu, ukate kwa kisu kikali kilichosafishwa, kisha ulaze kipande kivulini mpaka jeraha lifanye ngozi ngumu, jambo linaloweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Usikipande mapema, maana kitaoza. Kwa kawaida shina lililobaki huchipua matawi chini ya mkato, nayo hutoka na manundu yale yale, kila moja kwa mpangilio wake.