Kuotesha nyanya kwa machipukizi: tupeane uzoefu, nani ilimtiki na nani ilimliza?

Fundi wa Tabata: Wakuu habari za jioni. Wiki mbili zilizopita nilipogolea nyanya zangu za kwenye ndoo, yale machipukizi ya kwapani, yanayoota kati ya shina na jani, nikayatupa pale yanapopita maji ya vyombo. Leo nafagia nakuta matatu yamesimama wima, nayavuta hayang'oki. Yana mizizi! Kumbe siku zote tunatupa miche? Mliowahi kujaribu tiririkeni.

Mama Kibustani: Karibu chamani. Mwaka wa tatu huu sinunui mbegu. Chipukizi la urefu wa kiganja, toa majani ya chini, kama lina maua yakate, tia kwenye glasi ya maji kivulini. Siku ya saba mpaka ya kumi mizizi hiyo. Angalia shina la nyanya vizuri, lina vipele vipele. Mizizi huanzia hapo. Na inawahi kuzaa kuliko ya mbegu.

Jembe Halisi: Glasi ya nini? Chomeka kwenye udongo wenye unyevu, funika kivuli cha nyasi, basi. Mizizi ya majini legelege, ukihamisha inazirai.

Mama Kibustani: Zangu hazijawahi kuzirai. Labda zako ziliona sura ya mwenye shamba.

Wa Ilula: Uzi huu umenitonesha kidonda. Mbegu chotara zilinishinda bei, unahesabiwa punje kama lulu. Jirani alikuwa anapogolea nyanya zake ndefu, nikamwomba machipukizi, nikapata kama 600. Nikakata kwa kisu kimoja tangu asubuhi mpaka jioni, sikukiosha hata mara moja. Yakashika vizuri, nikawa napita barabarani najisikia bwana shamba.

Wiki ya nne mche mmoja ukalala mchana, jioni ukainuka. Nikasema jua. Kesho yake kumi. Majani ya kijani kabisa, hayana doa, lakini yamelala kama nguo iliyoanikwa. Nikamwaga maji, nikapiga sumu ya ukungu, nikaongeza mbolea. Mzee mmoja akaja, akakata shina, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Tukasubiri dakika chache, ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Akasema, "Mwanangu, huu ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Ng'oa, choma." Nikang'oa yote. Na pesa ya shamba lile ilikuwa ya kikoba cha mke wangu.

Binti Mwarusha: Pole sana kaka. Shemeji alikuwa anajua?

Wa Ilula: Alijua siku ya marejesho.

Jembe Halisi: 😂😂 Hapo ndipo penye mnyauko wenyewe.

Binti Mwarusha: Tusimcheke. Ila kaka, mlisuluhishaje? Tupe sehemu ya pili.

Mama Kibustani: Jamani turudi kwenye nyanya.

Binti Mwarusha: Nyanya zipo tu, sisi tunataka ya shemeji.

Msomi wa Kitalu: F1, yaani hizo chotara, hairudiwi. Kizazi cha pili kinachanganyikiwa, matunda makubwa kwa madogo. Mnadanganyana humu.

Mama Kibustani: Hiyo ni mbegu ukikamua kwenye tunda! Chipukizi ni mmea uleule, tunda lilelile. Soma kwanza, msomi.

Msomi wa Kitalu: Na ugonjwa uleule. Mama akiwa na rasta, ule ugonjwa wa virusi unaokunja majani, mtoto anazaliwa na rasta.

Mama Kibustani: Hapo sawa, nakupa.

Wa Kirinyaga: Huku kwetu tunaosha kisu na jiki kila tukihama mmea. Na mvutaji sigara asishike miche kabla ya kunawa, kuna virusi hutoka kwa tumbaku.

Jembe Halisi: Maji ya dafu pia, unaloweka chipukizi humo usiku kucha.

Binti Mwarusha: Dafu nakunywa mimi, nyanya itajijua.

Mama Kibustani: Tena zile nyanya za aina fupi, kama Tanya, usihangaike nazo, machipukizi yake ndiyo yanayobeba matunda. Kata kwenye ndefu.

Wa Ilula: Mwaka wa pili sasa shamba lile napanda mahindi. Bilinganya na viazi nimeambiwa nisithubutu, ugonjwa wao mmoja.

Fundi wa Tabata: Asanteni. Sasa haya matatu ya maji ya vyombo, niyahamishie kwenye ndoo au ning'oe?

Jembe Halisi: Muulize kwanza shemeji kama ndoo ni zako.