Saa nzima ya kulaani albamu ambayo hawakuisikiliza: huu si uhakiki

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa jukwaa.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita kituo kimoja cha redio cha hapa mjini kilitenga saa nzima ya kipindi chake cha burudani kuizungumzia albamu ya vijana wawili wa mtaa wa Ng'ambo hapa Unguja wanaopiga muziki wa elektroniki wa giza, ule wa ukoo wa muziki wa viwandani (industrial) unaotumia mikwaruzo na sauti za mitambo, na katika saa hiyo yote tulipigiwa nusu dakika tu ya wimbo mmoja, tena sehemu ya mwanzo kabisa ambayo ni mvumo mtupu kabla ya mdundo kuingia. Muda wote uliobaki watangazaji na wageni wao waliutumia kupokezana laana. Siku ya pili yake ukurasa mmoja maarufu wa habari za wasanii ukayachapa maneno yale yale na kuyapa jina la uhakiki, na mpaka leo yanasambazwa katika makundi ya simu kana kwamba kuna mtu aliyekaa kitako akaisikiliza kazi hiyo.

Vijana wenyewe sitawataja. Wana wazazi, na wazazi hao wameshaulizwa maswali ya kutosha barazani na sokoni. Kituo pia sikitaji, kwani ugonjwa huu hauko kwa kituo kimoja.

Kazi yangu ni kurekodi sauti. Nimerekodi kasida, maulidi ya homu, kidumbak (ngoma ya harusini iliyo jamaa ya taarab) na taarab ya vikundi vikubwa na vidogo, kwa hiyo mtu asije akaniambia hapa kwamba nautetea muziki huu kwa kuwa siujui wa nyumbani. Albamu hii nimeisikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa spika na kwa vipaza sauti vya masikioni, nikarudia, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Kinachoniuma kuliko yote ni kicheko. Mtangazaji mmoja aliuigiza ukelele uliomo katika wimbo wa nne, na wenzake wakaangua kicheko hewani. Wimbo ule unahusu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander I nje ya Nungwi ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Maneno yapo, tena ya Kiunguja kisicho na utata wowote: mwanamke anawaita watoto wake kwa majina, mmoja baada ya mwengine, na kila jina linaporudiwa sauti yake inazidi kuchakazwa kwa mashine mpaka silabi hazitambulikani tena, na kinachobaki ni pumzi na ukelele. Hapa visiwani ni vigumu kumpata mtu mzima asiyeijua nyumba iliyofiwa katika meli ile. Sisemi kwamba walikusudia kuwadhihaki wafiwa. Nasema hawakujua wanachokicheka, na hawakujua kwa sababu hawakusikiliza, na mtu asiyesikiliza hana haki ya kupewa kipaza sauti akawaambia maelfu ya watu kwamba kazi fulani haina maana.

Walisema pia kwamba wimbo wa kwanza ni "sauti ya mashine mbovu". Aliyeishi Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, njia ya umeme unaotoka bara ilipoharibika na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban miezi mitatu, angepaswa kuitambua sauti hiyo mara moja, kwa sababu ni jenereta. Jenereta ndogo ya petroli huzunguka takriban mara 3000 kwa dakika ili itoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Friji ikianza kuvuta, injini hulemewa, mvumo hushuka kidogo, kisha injini hujikaza na mvumo ukarudi mahali pake. Vijana hawa wamekichukua kile kushuka na kupanda, wakakirefusha, wakakifanya ndiyo besi ya wimbo mzima. Mizunguko 50 kwa sekunde iko juu kidogo tu ya noti ya Sol ya chini, nao wamelijua hilo, maana fidla inayoingia baadaye imetungwa kuuzunguka mvumo ule ule, katika makamu ya bayati, yaani mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, pamoja na robo zake za sauti ambazo kinanda cha kawaida cha umeme huzipoteza. Yote haya yanasikika. Hayahitaji shahada ya chuo, yanahitaji dakika saba za utulivu na spika isiyokuwa ya simu.

Kuna na lile la mdundo. Mgeni mmoja alidai kwamba mdundo wao "umenunuliwa tayari kwenye kompyuta". Mtu yeyote aliyewahi kukaa karibu na kikundi cha kidumbak harusini angeusikia mkwasa, ule mdundo wa vijiti vinavyogongwa, ndani ya wimbo wa pili, umepigwa kwa mashine ya ngoma lakini umewekwa pale pale unapowekwa na mpigaji wa Ng'ambo, kabla kidogo ya mahali sikio linapoutarajia. Na ile besi nene ya wimbo wa sita, waliyoiita "mngurumo wa kutisha watoto", ni sanduku, lile lile sanduku la chai lenye kijiti na uzi mmoja ambalo babu zetu walilifanya ala kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kununua ala ya dukani. Wamelirekodi kwa kipaza sauti kilichowekwa ndani ya sanduku lenyewe, na ndiyo maana linasikika kubwa kama chumba. Ningekuwa mtangazaji, ningetumia robo saa kuzungumzia uamuzi huo peke yake.

Sasa nije kwenye neno lililorudiwa kuliko maneno yote, kwamba haya ni mambo ya kizungu na si utamaduni wetu. Linanichosha sana, khasa linapotoka kwa watu wanaojiita walinzi wa taarab. Fidla ilitoka wapi? Akodioni ilitoka wapi? Kanuni na udi, ala zetu za nyuzi, vilikuja kwa njia ya Misri, na riwaya tuliyosimuliwa sote ni kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilipoasisiwa mwaka 1905 kilipiga muziki uliokuwa na asili ya ng'ambo ya bahari, na Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri alikwenda kutumia mashine ambazo hapa hazikuwepo. Vinanda vya umeme vilipoingia katika taarab na kuzaa rusha roho, ile taarab ya kisasa, walikuwepo waliosema huo ndio mwisho wa taarab, na leo vinanda hivyo hivyo vinapigwa katika harusi za watoto wa waliosema. Kipimo cha kazi ya sanaa hakijawahi kuwa bandari ilikoingilia ala. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti ya mkwaruzo isiyofanana na sauti yoyote "tamu" ya redioni, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mkwaruzo ule haukuwa muziki.

Walipotaka kuonesha kwamba wanaujua ukoo wa muziki wenyewe, waliharibu zaidi. Ilisemwa hewani kwamba ni muziki uliotungwa kwa ajili ya kumbi za ulevi za Ulaya. Kundi la Throbbing Gristle, ambalo jina la aina hii ya muziki limetokana na lebo yao ya Industrial Records, lilianza London katikati ya miaka ya 1970, na studio yao ilikuwa katika jengo la kiwanda huko Hackney. Lebo hiyo waliianzisha wenyewe mwaka 1976, na kwa njia hiyo kazi zao zikabaki mikononi mwao. Einstürzende Neubauten walianza Berlin ya Magharibi mwaka 1980 kwa kupiga mabati, springi na mashine za kutobolea, vitu vilivyokuwa vimewazunguka katika mji wao. Cabaret Voltaire walitoka Sheffield, mji wa chuma. Kila mahali muziki huu ulipoota, watu walichukua sauti za kazi na za mitambo ya mahali pao wakazigeuza kuwa chombo cha kusemea hofu, uchovu na huzuni. Vijana wa Ng'ambo wamefanya hivyo hivyo kwa jenereta, kwa kreni za bandari ya Malindi na kwa ngazi za majumba ya Michenzani. Mhakiki anayeijua historia hiyo angeuliza kama wamefanikiwa. Asiyeijua anauliza kwa nini wamevaa nguo nyeusi, na swali la nguo kwa kweli lilichukua muda mrefu kuliko swali la muziki.

Hata lile shutuma la kuharibu ustaarabu si geni. Mwaka 1976 mbunge wa Uingereza, Nicholas Fairbairn, aliwaita Throbbing Gristle waharibifu wa ustaarabu. Leo kundi hilo linaandikwa katika historia ya muziki kama chimbuko la yote yaliyofuata, na Trent Reznor wa kundi la Marekani la Nine Inch Nails, aliyekulia katika mkondo huo huo, alipokea tuzo ya Oscar mwaka 2011 kwa muziki wa filamu. Siyataji haya ili tuwasifu vijana wetu kwa sababu Ulaya na Marekani zimesifu. Ninayataja kwa sababu watangazaji wetu walizungumza kana kwamba wao ndio watu wa kwanza duniani kuusikia mkwaruzo na kushtuka, na kumbe kuna karibu miaka hamsini ya watu waliokwishafikiri, wakabishana na kuandika juu ya jambo hili.

Wala hawana udhuru wa kusema kwamba haya yako mbali. Nairobi kulikuwa na kundi la Duma, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024 kwa lebo yake mwenyewe, na akaifungamanisha na kumbukumbu ya wapiganaji wa Mau Mau. Hawa ndio walioitwa katika kipindi kile "wale wa Kenya wanaoabudu shetani". Neno kama hilo hurushwa kwa wepesi, na anayelilipia ni mwengine. Mwaka 2022 Bunge la Uganda lilitaka tamasha la muziki la Nyege Nyege lisifanyike kwa hoja za maadili, na tamasha likapona kwa masharti baada ya serikali kuingilia kati. Kwetu hapa halikuhitajika bunge: siku chache baada ya kipindi, mwenye nyumba aliyewakodisha vijana wale chumba cha mazoezi aliwataka watoe vyombo vyao, kwa sababu majirani wamesikia redioni kwamba wapangaji wake wana mambo ya kishetani. Vijana hao ni watu wa swala, na mmoja wao amesoma madrasa moja na mwanangu.

Najua kuna watakaoniambia kwamba nataka wasifiwe tu. Nawajibu mapema kwa kuandika kile ambacho kipindi kilipaswa kukisema. Wimbo wa tatu ni mrefu kuliko ulichonacho cha kusema, na sehemu yake ya katikati inarudia mzunguko mmoja bila ya kuongeza wala kupunguza kitu, ilhali katika muziki huu kurudia kunafaa pale tu ambapo kila marudio yanakaza kamba. Wimbo wa tano unamfuata Reznor wa miaka ya 1990 kwa karibu mno, mpaka ule mnong'ono kabla ya kishindo. Besi imejazwa kupita kiasi katika albamu nzima, na nafikiri walichanganya sauti katika chumba kidogo kisichotibiwa, chumba kikawadanganya. Maneno ya wimbo wa pili yamezikwa chini ya mashine, na ni hasara, kwa sababu ni maneno mazuri kuhusu kuli anayepakua mchele asioweza kuununua. Huo ni ukali, na vijana wenyewe nimewaambia, wakauliza maswali na kuandika. Ukali wa namna hii hujenga kazi inayofuata. Ule wa redioni umewafikisha mahali pa kuulizana kama waendelee.

Ninachokitaka ni hiki. Kituo kile kiurudie mjadala, kipige angalau wimbo wa kwanza na wa nne kwa ukamilifu bila ya mtu kuongea juu yake, kiwaalike waliotunga, na mtangazaji aliyetumia neno ushetani alifute hewani kwa sauti ile ile aliyolitamkia. Ukurasa ulioyachapa maneno yale ama uweke jina la mtu aliyeisikiliza albamu, ama uondoe neno uhakiki juu ya andiko lile. Nimekwishawaandikia wote wawili barua na sijajibiwa. Nawaomba wenzangu mliokisikia kipindi kile muwaandikie pia, na kama yuko mwanajukwaa mwenye chumba cha kukodisha Ng'ambo au Amani, ambako kelele za jioni hazitamkera jirani, aniandikie faraghani.