Naomba ushauri: nitazame Carry On Nurse na baba mkwe?

Wakuu, habari za jioni. Baba mkwe yuko kwangu wiki ya pili sasa. Ni muuguzi mstaafu, na vipindi vya siku hizi anaviona kelele tupu. Nimempatia Carry On Nurse, ile komedi ya Uingereza ya 1959, nyeusi na nyeupe, iliyoongozwa na Gerald Thomas. Najua ataipenda: wodi ya wanaume, wagonjwa watukutu, halafu Metroni, yaani mkuu wa wauguzi, aliyeigizwa na Hattie Jacques, akipita kukagua vitanda huku kila mtu kanyooka kama askari. Mzee mwenyewe hadi leo hushusha sauti akimtaja metroni wake wa zamani.

Kasheshe iko mwishoni. Mgonjwa mmoja, kanali msumbufu, analazwa kifudifudi, akidhani anapimwa homa kwa njia ya nyuma. Metroni anaingia, anakuta si kipimajoto, ni ua la daffodil! Nilicheka hadi machozi, ila nilikuwa peke yangu. Sasa mbele ya mkwe, na mke wangu kakaa pembeni?

Waliowahi kubanana na wakwe sebuleni: niizime kabla, nijifanye naenda kuchemsha chai, au nimwache mzee ajichekee?