Mti wa mpira wa sebuleni nimeukata, sasa shina linaoza. Nipake nini?

MamaTwins_Sinza: Wadau, habari za jioni. Nina mpira sebuleni, ule wa majani mapana yanayong'aa. Nilinunua ukinifika magotini, mwaka huu ukaanza kusukuma dari. Wiki mbili zilizopita nikachukua kisu cha jikoni nikaukata. Maziwa yakachuruzika kama papai bichi, yakaharibu kapeti, na mkono ukaniwasha siku nzima. Jirani akanishauri nifunge kidonda kwa mfuko wa nailoni, hewa isiingie. Leo nimefungua: ncha nyeusi, inabonyea, na inanuka. Nipake nini?

BabuMajivu: Majivu ya mkaa tu. Au mdalasini wa unga. Mimi sijawahi kupoteza mti.

Kitalu_Mwenge: Dada, usipake kitu kwanza. Adui ni huo mfuko. Masika hii Dar hata chumvi inalowa mezani, halafu wewe unakifungia kidonda jasho lake! Kidonda cha mti kinataka kukauka. Kata tena, shuka mpaka ukute nyama ya kijani, ngumu, inayotoa maziwa meupe. Mkato uwe juu kidogo ya kifundo, pale jani linapochipukia, ukiacha kisiki kirefu kitaoza tena. Kisu kifute kwa spiriti kabla na baada. Vaa glavu, tandika gazeti, bandika tishu iliyoloweshwa maji, maziwa yataganda yenyewe. Mdalasini wa Babu hauna neno kwenye shina, ila usiupake kwenye kipande unachotaka kitoe mizizi, unakausha. Na maji unampa vipi?

MamaTwins_Sinza: Kikombe kila asubuhi. Nilimwonea huruma, nikajua anaumwa.

Kitalu_Mwenge: 😂 Umemnyoa majani, nani atakunywa hayo maji? Majani ndiyo yanayovuta. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na tope, mwache. Kile kilele ulichokata kiko wapi? Chenye majani mawili matatu ungekiosha maziwa, ukakichomeka kwenye mchanga kivulini.

MamaTwins_Sinza: Nilimpa mlinzi akatupe. Nimeshuka sasa hivi kumuuliza. Kiko getini kwenye kopo la rangi, kimesimama wima kuliko cha kwangu, na anasema hakiuzi.