Mgonjwa wa figo mwenye mapafu mabovu: oksijeni kiasi gani, maji kiasi gani?

Zamu_ya_Usiku (Pemba)

Asalaam alaykum wenzangu.

Nauliza wanaouguza wodi za watu wazima. Mgonjwa wa aina hii tunampata mara kwa mara: mwanamme mtu mzima, amevuta sigara miaka mingi, ana ugonjwa sugu wa mapafu huu wa kuziba njia za hewa, na figo nazo zimechoka. Uzito kilo 60, miguu imevimba, anapumua mara 28 kwa dakika. Bila oksijeni oksimita (kile kibano cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kwa asilimia) inasoma 85, akiwekewa lita 2 kwa dakika kwa neli ya puani inapanda hadi 90. Mkojo wa saa 24 ni mililita 400.

Nina mambo matatu. Wapo wanaotaka apandishwe mpaka afike 98, wanasema 90 ni hatari. La pili, kwenye faili imeandikwa "apunguziwe maji" bila kipimo, na jamaa zake wanaleta madafu kila siku kwa kuwa "yanasafisha figo". La tatu, akizidiwa na pumzi najuaje kama ni maji, ni mapafu yenyewe, au ni tindikali ya figo (inayojaa kwenye damu figo zikishindwa kuitoa), ikiwa kipimo cha gesi za damu hatuna?

MamaWaWodi

Waalaykum salaam. Nianze na oksijeni, maana hapo ndipo mtu huuliwa kwa huruma.

Lengo la mgonjwa huyo ni 88 hadi 92. Hiyo 90 yake ni nzuri, muacheni. La 94 hadi 98 ni lengo la mtu ambaye mapafu yake hayana ugonjwa wa kubakisha hewa chafu (kaboni dayoksaidi). Na daktari aliandike kwenye chati, lisibaki mdomoni, la sivyo kila zamu itakuja na lengo lake.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba ukimpa oksijeni nyingi "anasahau kupumua". Hiyo ni sehemu ndogo tu. Kubwa ni kwamba mapafu mabovu yana sehemu zisizoingia hewa vizuri, na mishipa ya sehemu hizo hujibana ili damu iende kwenye hewa nzuri. Ukimwaga oksijeni, mishipa inafunguka, damu inapita pasipo na hewa ya kutosha na kaboni dayoksaidi haitoki. Tena hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyoshiba oksijeni haibebi kaboni vizuri.

Sasa ongeza figo. Kwa kawaida kaboni ikizidi, figo hubakisha baikaboneti kupoza tindikali. Za huyu haziwezi. Kwa hiyo kiwango cha kaboni ambacho mgonjwa mwingine wa mapafu angekivumilia, yeye kinamwangusha.

Kwa vitendo: neli ya puani lita 1 hadi 2, au barakoa ya Venturi (inayotoa asilimia maalumu ya oksijeni) ya asilimia 24 (ile ya buluu, lita 2) au 28 (nyeupe, lita 4). Lita zimeandikwa kwenye kipande chenyewe, zisomeni, msikisie. Barakoa ya kawaida isiwekwe chini ya lita 5 kwa sababu atavuta tena pumzi yake mwenyewe, na lita 5 kwake tayari zinaweza kuwa nyingi. Yenye mfuko muiweke karibu kwa dharura: akishuka sana na hali ni mbaya, mpeni kwanza, ukosefu wa oksijeni huua haraka zaidi, halafu mshuke mpaka lengo mara akitulia.

Mkimkuta asubuhi ana usingizi mzito, kichwa kinauma, viganja vya moto, mapigo yanagonga kwa nguvu, na akinyoosha mikono vidole vinapigapiga, hiyo ni kaboni. Msiing'oe oksijeni ghafla, maana atashuka chini kuliko alipoanzia. Punguzeni kidogo kidogo hadi 88–92 huku daktari anaitwa. Na vidonge vya usingizi "apate kupumzika" visikaribie kitanda hicho.

Figo_Mbili

Nashika swali la tatu, kisha maji.

Hesabu pumzi dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Halafu tazama *namna* anavyopumua.

Maji: hawezi kulala chali, anataka kukaa, usiku anaamka anatweta. Ukisikiliza mgongoni chini kuna mchakariko pande zote mbili, na ikizidi anatoa povu la pinki. Ukimbonyeza mfupa wa mguu au, kama yuko kitandani muda wote, juu kidogo ya matako, kidole kinaacha shimo.

Mapafu yenyewe: mluzi, anatoa pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, midomo ameibana, mabega yanapanda. Kukiwa na homa, makohozi yamegeuka rangi, na mchakariko uko upande mmoja, fikiria nimonia juu yake.

Tindikali: hii ndiyo inayopita bila kuonekana. Pumzi ni za kina na za haraka, hazina mluzi, kifua kiko safi, oksimita inasoma vizuri, lakini mtu anapumua kama aliyetoka kukimbia. Kuongeza oksijeni hapo hakusaidii kitu. Anajaribu kuitoa tindikali kwa njia ya pumzi, na huyu wenu mapafu hayamruhusu, ndiyo maana anachoka mapema. Pumzi zikipungua kutoka 32 hadi 14 huku amelegea, usiandike "ametulia". Ita daktari mbio.

Maji sasa. Kipimo kinachotumika sana ni mkojo wa jana jumlisha mililita 500. Mkojo 400, basi leo ana 900. Katika 900 hizo inaingia kila kinachomiminika: chai, uji, supu, maji ya kumezea vidonge, na dripu ya dawa. Antibayotiki ikichanganywa kwenye mililita 100 mara mbili kwa siku, 200 zimekwenda, zimebaki 700. Gilasi ya mililita 200 asubuhi, nyingine mchana, nyingine jioni, na 100 za vidonge. Basi. Chupa moja ya maji ijazwe 700 asubuhi, kila anachokunywa kimiminwe kutoka humo au kipunguzwe humo. Jamaa wanaielewa chupa kuliko karatasi.

Chati ya maji hudanganya, mizani haidanganyi sana. Kilo 1 ni lita 1. Mpime asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya chai, mizani ile ile, nguo zile zile. Ikiwa chati inasema amekunywa 900 na amepanda kilo 2 tangu jana, kuna mtu anampa kitu nje ya chati. Mkojo upimwe kwenye chombo chenye alama. Kwa kilo 60 tunataka angalau mililita 30 kwa saa, yaani karibu 720 kwa siku. Huyu wa 400 yuko chini, daktari ajue kila siku, si kila wiki.

Katheta (mpira wa mkojo) isiingizwe kwa ajili ya urahisi wa kupima tu. Mtu anayeweza kukojoa kwenye chupa, akojoe kwenye chupa.

Hina_na_Piko

Jambo dogo linalowapoteza wengi huku kwetu: oksimita juu ya kidole chenye piko. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui sana, lakini piko nyeusi huzuia mwanga na mashine inakataa kusoma au inatoa namba ya ajabu. Hamisha kwenye kidole cha mguu kisicho na rangi, au kwenye ndewe ya sikio kwa kibano chake. Rangi ya kucha ifutwe. Mikono baridi ipashwe kwanza. Usiiamini namba mpaka mapigo inayoonyesha yalingane na yale unayoyahesabu mwenyewe kwenye kifundo cha mkono, na usifunge kipimo cha presha mkono huo huo.

Kwa ngozi nyeusi, oksimita huweza kusoma juu kidogo kuliko hali halisi. Na wagonjwa wa figo wengi wana upungufu wa damu: oksimita inasema 96, lakini hemoglobini ni 6, mzigo wa oksijeni ni mdogo. Angalia viganja na kope pia.

Lishe_Wete

Madafu hayo yasimame leo. Mililita 100 za maji ya dafu zina takriban miligramu 250 za potasiamu. Dafu moja la mililita 400 ni miligramu 1,000, na wagonjwa wengi wa figo waliozuiwa hupewa nafasi ya kama 2,000 kwa kutwa nzima. Tena ni mililita 400 za maji, karibu nusu ya 900 zake. Kwa mtu mzima wa afya dafu halina ubaya, jamaa waambiwe hivyo ili wasione wamekaripiwa. Shida ni kwamba figo hizi hazitoi potasiamu, inabaki kwenye damu na moyo unasimama bila onyo.

Mabirimbi nayo. Achari kidogo si kitu kwa mtu mzima wa afya, lakini maji ya birimbi yanayokunywewa kama dawa yana oksaleti nyingi na yanaweza kuzifunga figo hata zilizokuwa nzima. Ulizeni kila mgonjwa amekunywa nini nyumbani kabla ya kuja, pamoja na mitishamba, na muulize kwa upole, la sivyo hatosema.

Muhogo, majimbi, ndizi mbichi, viazi: menya, kata vipande vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga, weka maji mapya, chemsha tena. Potasiamu inatoka na maji, kwa hiyo mchuzi huo usinywewe. Kukaanga moja kwa moja hakuitoi. Tungule nyingi kwenye mchuzi, embe na ndizi mbivu zipunguzwe sana. Wali mweupe na boflo havina shida kubwa. Tui jepesi, kidogo.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa vyote. Papa mkavu na ng'onda vinaimaliza kwa mlo mmoja, na chumvi ndiyo inayomtia kiu. Ukimzuia maji bila kumzuia chumvi unamtesa bure. Ile chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha mara nyingi ni ya potasiamu. Marufuku. Kwa kiu: asukutue na kutema, kipande cha barafu (kihesabiwe), mafuta ya mdomo.

Zamu_ya_Usiku

Ahsanteni sana, nimeyaandika. Matatu zaidi. Tunatumia konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 na umeme hukatika. Na nebulaiza yetu (ya kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta) tunaichomeka hapo hapo kwenye konsentreta, mvuke unatoka kidogo sana. Na akipelekwa Unguja kusafishwa damu, mtungi wa oksijeni wa kiasi gani?

MamaWaWodi

Nebulaiza inataka lita 6 hadi 8 kwa dakika, konsentreta ya 5 haitoshi, ndiyo maana dawa inabaki kwenye kikombe. Na kwa mgonjwa huyu ni bora isukumwe kwa hewa ya kompresa (mashine ya kusukuma hewa ya kawaida), oksijeni aendelee nayo puani lita zile zile. Msipokuwa na kompresa, tumieni salbutamoli (dawa ya kufungua njia za hewa) ya kupuliza na spesa (chombo kinachokaa kati ya dawa na mdomo): mpulizo 1, pumzi 4 hadi 6, kisha mwingine, mpaka 4 hadi 10, mkirudia kila dakika 20 katika saa ya kwanza kama bado. Chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa chini kwa kipimo cha mdomo wa dawa hufanya kazi. Moyo utakwenda mbio kidogo, mpimeni mapigo.

Kichujio cha vumbi cha konsentreta kioshwe kila wiki kwa maji na sabuni, kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mashine isibanwe ukutani. Ikiwashwa inahitaji dakika kadhaa kufikia nguvu yake. Kile chombo cha maji cha kulainisha hewa, kwa lita chini ya 4 puani, si lazima. Mkikitumia, maji yawe yaliyotakaswa na yabadilishwe kila siku. Maji ya bomba ya siku tatu ni kitalu cha vijidudu vinavyokwenda moja kwa moja kifuani.

Mtungi_Mzito

Hesabu: mtungi mkubwa uliojaa ni lita 6,800. Kwa lita 2 kwa dakika ni 120 kwa saa, unakwenda saa 56. Mshale ukiwa nusu, saa 28. Umeme unaokatika hauhitaji hesabu ngumu, unahitaji regyuleta (kile kichwa cha mtungi cha kudhibiti oksijeni) *ifungwe tayari* na ufunguo wake uning'inie pale pale. Sehemu ya kufungia isipakwe mafuta wala isishikwe na mikono ya mafuta, kwa oksijeni hayo huwaka. Uvujaji upimwe kwa povu la sabuni.

Kwa safari, hesabu saa zote kutoka kitandani hadi mlango wa kupokelewa, si saa za boti peke yake, kisha zidisha mara 2. Saa 8 kwa lita 2 ni lita 960, mara 2 ni 1,920. Mtungi wa lita 1,360 hautoshi, chukueni wa 3,400 au miwili midogo. Ufungwe usiviringike, mbali na wavutaji, na nahodha ajue upo.

Figo_Mbili

Kabla hajasafiri, potasiamu ipimwe siku hiyo hiyo. Ikiwa juu na kipimo cha moyo kinaonyesha vilele vilivyochongoka, hasafiri mpaka atibiwe: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10 polepole mshipani, kisha insulini yunti 10 na mililita 50 za glukosi ya asilimia 50, kwa amri ya daktari. Watu wengi hupima sukari mara moja halafu basi. Figo mbovu huitoa insulini polepole, sukari huweza kushuka saa 3 au 4 baadaye, tena akiwa ndani ya boti. Pimeni kila nusu saa kwa saa 2 za mwanzo, kisha kila saa hadi ya 6, na glukosi nyingine iwe mfukoni kwa muuguzi anayemsindikiza.

Na mkono asioutumia sana usiguswe: hakuna kanula (kineli cha mshipani), hakuna kutoa damu kutoka kiwiko hadi kifundo. Mishipa hiyo atahitaji kuundiwa njia ya kusafishia damu. Kanula iwekwe nyuma ya kiganja cha mkono mwingine. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye jalada la faili, kwa sababu kule anakokwenda hawamjui.